Rudisha si karatasi ya kufungia nyama

Wamarekani wana ada moja ambayo wageni aghalabu huicheka. Hukusanya kadi ndogo zenye picha za wachezaji wa besiboli, kadi ambazo hapo zamani zilitiwa ndani ya pakiti za sigara na baadaye za ubani wa kutafuna. Mnamo 2022 kadi moja ya Honus Wagner, iliyochapishwa kati ya 1909 na 1911, iliuzwa kwa dola milioni 7.25. Wako miongoni mwao wasiotaka kadi za kila mtu. Hao humchagua mchezaji mmoja wampendaye, wakamfuata tangu kadi yake ya kwanza hadi ya mwisho. Hao ndio ninaowasifu, japo sisi hatuna kadi wala besiboli.

Tunao wanariadha na tunayo magazeti. Ila huku Kitengela gazeti la jana huishia buchani, au kwa muuza njugu, na bingwa wa dunia akafungiwa nusu kilo ya nyama.

Mvulana mmoja wa mtaani kwetu alinijia na daftari, akanieleza kwamba anataka kukusanya habari za wanariadha wote wa Kenya. Nilimwambia aliache hilo neno "wote", kwani litamzika. Akamchagua David Rudisha, Mmaasai mwenziwe. Kisha akauliza: "Mwalimu, na zile mbio alizoshindwa nizitie pia?"

Naam, hasa hizo. Mtu akibandika London pekee, ile tarehe 9 Agosti 2012 Rudisha alipokimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, atakuwa na picha nzuri tu ya ukutani. Ni kweli mbio zile zilikuwa za ajabu: hata aliyemaliza wa nane, Andrew Osagie wa Uingereza, alitumia 1:43.77, muda ambao ungaliweza kumpa dhahabu katika fainali ya Beijing ya 2008. Lakini ukurasa wa London hausomeki vyema pasipo ule wa Berlin wa 2009, Rudisha alipotolewa katika nusu fainali ya mashindano ya dunia. Mwaka mmoja baadaye, katika mji uo huo wa Berlin, tarehe 22 Agosti 2010, aliivunja rekodi ya Wilson Kipketer iliyokuwapo tangu 1997. Wiki moja baadaye akaivunja yake mwenyewe kule Rieti, Italia. Halafu ipo Glasgow ya 2014, aliposhindwa na Nijel Amos wa Botswana, na Rio ya 2016, alipotwaa tena dhahabu. Mkusanyiko wa ushindi mtupu ni sifa. Wenye kushindwa ndani yake ndio historia.

Huenda mtu akahoji kwamba Rudisha ni mzaliwa wa Kilgoris, upande wa Narok, na Kajiado yamhusu nini? Yahusu sana. Tangu 2012 vijana wa Kimaasai wamekuwa wakishindana huko Kimana, katika kaunti hii ya Kajiado, kwa mbio, kurusha mkuki na kurusha rungu, badala ya kuthibitisha ushujaa wao kwa kuwinda simba. Rudisha amekuwa mlezi wa michezo hiyo. Desemba 2022, alipokuwa akitoka huko, ndege ndogo aliyoipanda ilianguka katika kaunti hii hii, naye akanusurika. Mkusanyaji wa hapa, basi, anaweza kuwa na kurasa ambazo tajiri wa London hatazipata kwa fedha.

Sisi wanaisimu tuna kero yetu: neno lililong'olewa katika muktadha wake halituambii mengi. Kipande cha gazeti kisicho na tarehe wala jina la gazeti ni vivyo hivyo. Kwa hiyo kalamu itangulie mkasi. Gundi nayo ipakwe kidogo, na daftari lisikae sakafuni, maana mchwa wa huku hawabagui bingwa na mshinde.

Mvulana huyu amekwisha kupata ya Rio na ya ile ajali ya ndege. Ya Agosti 2010 hana. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi huhifadhi magazeti ya zamani, lakini humo mkasi hauingii; labda apige picha. Mimi nashuku kwamba nakala zenyewe zimo majumbani mwetu, zimetandikwa chini ya godoro la mzee fulani mjini Kajiado, au kwenye rafu za duka njiani kuelekea Namanga, zimelalia sukari na majani ya chai. Msomaji mwenye nakala hizo asiziuze kwa kilo kabla ya kutazama ukurasa wa michezo.