Bamba moja, sura nyingi

Vijana wetu wanaochora sura za watu hulalamika kwamba kazi ya wiki nzima huwalipa mara moja tu. Mimi huwatajia Anders Zorn wa Sweden.

Alizaliwa Mora mwaka 1860, akalelewa shambani na babu na bibi yake. Akiwa na miaka 15 aliingia chuo cha sanaa Stockholm. Umaarufu ulimfikisha Marekani, akawachora kwa rangi marais Cleveland (1899) na Taft (1911).

Lakini picha ya rangi ni moja, na huishia kwa aliyeilipia. Zorn alikuwa na ufundi wa pili, aliofunzwa London na Msweden mwenzake, Axel Haig. Bamba la shaba hupakwa nta, sura ikachorwa kwa sindano, kisha likatiwa tindikali. Tindikali hula pale tu nta ilipokwaruzwa. Mistari hujazwa wino, karatasi ikakandamizwa juu yake, sura ikatoka; tena na tena, mpaka shaba ichakae. Rais Roosevelt alichorwa hivyo mwaka 1905.

Nionavyo, somo ni hili: picha iuze, bamba libaki kwako.