Motere Inayotema Moto

Ndugu mfanyakazi, kazini hugusi mashine ya kuvunja mawe kabla umeme haujakatwa na kufuli halijatiwa. Hilo umelizoea. Lakini siku ya posho, kambini, mbele ya nyumba yako, motokari iko wazi, bateri imefungwa, ufunguo uko mahali pake, na watoto wamezunguka wanatazama. Nani ametia kufuli hapo?

Tuseme umetoa deliko ili ubadilishe platine, kisha umeirudisha. Motere inakataa kuwaka. Inapiga kishindo, na ulimi wa moto unatoka kwenye karburateri. Jirani anafika na shauri lake la siku zote: mwagia esanse kidogo, itawaka. Hapo ndipo watu wanapoungua. Kishindo cha pili kinakuta chupa mkononi, na moto unashika chupa, mkono na shati.

Motere hiyo haina njaa ya esanse. Saa yake imekosewa, yaani kalaje.

Pistoni namba 1 hufika juu mara mbili kabla kazi yake haijatimia. Mara moja inakandamiza hewa na esanse, supape zote zimefungwa. Mara nyingine inasukuma moshi nje. Alama ya puli inafika kwenye sifuri mara zote mbili, nayo ndiyo inayodanganya watu: umeona alama imekaa sawa, umetia deliko, kumbe cheche inakuja wakati supape ya kuingiza inaanza kufunguka. Moto unapita mlango huo.

Ondoa waya wa bateri. Tia ufunguo mfukoni mwako. Vuta breki ya mkono, toa gia, kisha toa buji namba 1 na uzibe tundu lake kwa karatasi iliyokunjwa. Zungusha motere kwa spana, polepole, upande wake wa kawaida. Karatasi ikirushwa nje, pistoni inapanda kukandamiza; endelea mpaka alama ifike mahali pake. Sasa kidole cha ndani ya deliko kielekee waya wa buji namba 1. Kikielekea upande wa pili kabisa, deliko imegeuzwa nusu duara: itoe uirudishe vema. Halafu fuata nyaya nyingine. Motere nyingi za pistoni nne huwaka kwa mpango wa 1-3-4-2, lakini soma kitabu cha motokari yako, kwa maana Volkswagen ya zamani ni 1-4-3-2.

Mwenye motere ya mkanda, hasa ya mazutu, ana hatari nyingine. Mkanda ukiruka meno machache, pistoni inaweza kugonga supape na kuzipinda, na fedha ya nyumba inaishia hapo. Ukishafunga mkanda mpya, zungusha motere kwa mkono mizunguko miwili kamili, kisha tazama alama tena. Ikikwama, usilazimishe. Rudi nyuma, fungua, anza upya.

Wengine huazima taa ya kalaje. Ni chombo kizuri, lakini kina hila: kwa mwanga wake puli inayozunguka mbio huonekana imesimama. Mkono unaenda wenyewe. Funga mikono ya shati, vua saa na mnyororo wa shingoni, na jua feni iko wapi kabla ya kuwasha taa. Fanya kazi hiyo nje, maana moshi wa motere ndani ya garaji iliyofungwa huua mtu bila yeye kusikia harufu ya hatari.

Mama wa nyumba naye ajue haya. Moto wa esanse haumwagiwi maji. Tumia kizima-moto cha unga au mchanga mkavu, na watoto wakae mbali. Mtu akishika moto, mlaze chini, mfunike kwa blanketi nzito ya pamba. Moto ukizimika, mwagia pahali palipoungua maji safi ya baridi dakika 20. Usipake mafuta, wala dawa ya meno, wala yai. Nguo iliyogandamana na ngozi usiivute. Iache hivyo, mfunike kwa kitambaa safi, na mpelekeni dispanseri mara moja, hata kama anasema haumwi sana.