Siku Thelathini za Rufaa na Siku Ambayo Kuhesabu Huanza

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mtu aliyeshindwa katika kesi ya madai, yaani kesi ya shamba, deni, urithi au mkataba ambayo haihusu uhalifu wala jela, ana siku 30 za kukata rufaa, na muda huo umewekwa na Kanuni ya Mwenendo wa Kesi za Madai iliyotangazwa kwa amri ya tarehe 7 Machi 1960, miezi michache kabla ya uhuru, ambayo inatumika hadi leo. Idadi ya siku hizo haina utata. Utata uko katika siku ambayo kuhesabu huanza, na katika vilima vya Masisi na misitu ya Walikale, ambako kijiji kizima kinaweza kuhama kwa usiku mmoja, muda unaweza kuanza na kwisha kabla aliyeshindwa hajapata habari.

Nchini Kenya, rufaa inayotoka mahakama ya chini kwenda Mahakama Kuu nayo ina siku 30, lakini siku hizo huhesabiwa tangu tarehe ya hukumu yenyewe, ukiondoa muda ambao mahakama ilihitaji kuandaa nakala. Kongo imefuata njia nyingine, iliyorithiwa kutoka Ubelgiji: hukumu iliyosomwa mbele ya pande zote mbili haianzishi hesabu yoyote mpaka aliyeshinda amtume afisa mpeleka hati wa mahakama, ambaye Wakongo humwita uisie, kumkabidhi aliyeshindwa hukumu hiyo rasmi, ana kwa ana au nyumbani kwake. Kwa hiyo hukumu inaweza kukaa mwaka mzima bila saa ya rufaa kuanza kwenda, kisha saa hiyo ikaanza asubuhi moja kwa karatasi iliyokabidhiwa mlangoni.

Karatasi hiyo inastahili kutazamwa kwa karibu. Imeandikwa kwa Kifaransa, hata kama mpokeaji anazungumza Kihunde, Kinyanga, Kinyarwanda au Kiswahili, na hufunguliwa kwa mwaka, mwezi na siku kwa maneno, ikifuatwa na jina la aliyeomba hati ipelekwe na jina la afisa aliyeipeleka. Chini yake huwa kuna nafasi mbili zilizoachwa wazi ili zijazwe kwa kalamu: ya kwanza inataja mahali afisa alipofika, ya pili inamtaja mtu aliyezungumza naye. Kisha huja gharama na sahihi. Mtu asiyejua sheria huenda moja kwa moja kwenye kiasi cha fedha au jina la shamba, ilhali wakili mzoefu huanza na zile nafasi mbili, kwa sababu hapo ndipo kesi nyingi za kuchelewa zinapookolewa au kuzikwa. Sheria inakubali hati ipokewe na ndugu au mtu wa nyumba hiyo, na wakikosekana, jirani au kiongozi wa serikali wa eneo, jambo ambalo ni la busara mahali watu wanapokaa kwao. Familia inapokuwa imekimbilia Sake au Goma na nyumba imebaki na wageni wasiojulikana, jina lililoandikwa katika nafasi ya pili laweza kuwa la mtu ambaye mwenye kesi hajawahi kumwona, na ni halali ya mwenye kesi kulihoji mbele ya jaji.

Asiyefika mahakamani kabisa ana njia ya ziada. Hukumu iliyotolewa bila yeye kuwepo huitwa hukumu ya kutofika, nayo inaweza kupingwa mbele ya mahakama ileile ndani ya siku 15 tangu akabidhiwe yeye mwenyewe, au, kama hati haikumfikia mkononi, tangu alipopata kujua kwamba ilikabidhiwa. Siku za rufaa huanza tu pale ambapo pingamizi hilo haliwezekani tena. Lakini sheria ina mtego ambao umewekwa kwa nia njema na ambao unawaumiza hasa wakimbizi wa ndani: mdaiwa aliyefika mara moja, kisha akaacha kuhudhuria, anaweza kupelekewa onyo, na siku 15 zikipita baada ya onyo hilo, mdai anaruhusiwa kuomba hukumu, ambayo itahesabiwa kuwa imetolewa mbele ya pande zote mbili. Aliyehudhuria kikao cha kwanza mwezi wa amani na kukimbia vita mwezi uliofuata hana tena njia ya pingamizi. Anabaki na zile 30 tu.

Tangu sheria ya tarehe 11 Aprili 2013 kuhusu mpangilio wa mahakama, migogoro ya ardhi inayofuata mila, iwe ya mtu mmoja au ya jamii nzima, pamoja na mambo ya familia na urithi, husikilizwa na Mahakama ya Amani, ambayo watu huifupisha Tripaix, na rufaa yake huenda kwa mahakama kubwa zaidi inayojulikana kwa herufi zake za Kifaransa, TGI. Rufaa hupokewa na karani wa mahakama ya juu, si ya chini, kwa kutamka mbele yake au kwa barua inayothibitishwa kupokewa, na mkata rufaa hudaiwa nakala rasmi ya hukumu anayoilalamikia. Kwa mkulima wa Masisi maana yake, kwa miaka mingi, imekuwa safari ya Goma. Kanuni ileile ya 1960 inapopanga muda wa wito wa kufika mahakamani huongeza siku moja kwa kila kilomita 100, hesabu ambayo aliyewahi kukwama na lori kwenye tope la Walikale msimu wa mvua ataipokea kwa kicheko.

Siku 30 zikipita, karani huweza kumpa mshindi cheti kinachothibitisha kwamba hakuna rufaa iliyokatwa, na kwa cheti hicho hukumu inakuwa ya mwisho na mtu anaweza kuondolewa shambani. Majirani wa mashariki wana dawa ya kuomba muda uongezwe. Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema mwaka 2014, katika shauri la Nicholas Salat, kwamba nyongeza si haki ya mtu bali ni hisani ya mahakama kwa anayeeleza sababu yake, na Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Lyamuya Construction la mwaka 2010, ilimtaka mwombaji atoe maelezo ya muda wote aliochelewa. Nchini Kongo rufaa iliyochelewa haipokelewi, na mawakili hulazimika kutegemea hoja ya nguvu isiyozuilika, yaani tukio ambalo mtu hakuweza kulitabiri wala kuliepuka, au kurudi kwenye kasoro za ile hati ya ukabidhi.

Hoja hiyo ilipata uzito mpya mwezi Januari 2025, pale waasi wa M23 walipoteka Masisi mwanzoni mwa mwezi na Goma mwishoni mwake, mahakama za serikali mjini humo zikaacha kufanya kazi, na Machi mapigano yakafika Walikale mjini. Anayetaka kueleza siku hizo baadaye atahitaji vitu vidogo vinavyoweza kuonyeshwa: bahasha yenye tarehe ya kupokelewa, kadi ya mkimbizi wa ndani, barua ya chifu wa eneo inayotaja siku kijiji kilipohama, karatasi ya hospitali. Na kama ile hati ya ukabidhi inasema afisa alizungumza na mke wa mwenye nyumba tarehe ambayo mke huyo alikuwa ameandikishwa kambini, kadi hiyo moja inaweza kutosha kurudisha hesabu ya siku 30 mwanzoni.