Santuri za Jethro Tull za Miaka ya 1980: Je, Zafaa Kusikilizwa?

Kijana mmoja wa kijijini kwetu alirudi kutoka mjini, na ndani ya simu yake alikuwa amejaza nyimbo za bendi moja ya Uingereza iitwayo Jethro Tull. Jioni moja alinisikilizisha. Nikamwuliza mbona nyimbo zake zote ni za kabla ya mwaka 1980. Akajibu upesi: "Za baadaye hazifai, bwana karani. Watu wote wasema hivyo." Nikamwuliza tena: "Na wewe mwenyewe, umezisikiliza?" Akacheka, akanyamaza.

Basi, neno lile "watu wote wasema hivyo" ndilo lililonifanya nizisikilize mwenyewe santuri zote tano walizozitoa tangu mwaka 1980 mpaka 1989. Siku hizi gramafoni haihitajiwi, simu yatosha. Lakini bando ni fedha, na jioni ya mtu aliyetoka shamba ni fupi. Kwa hiyo yafaa mtu ajue lipi la kuchukua na lipi la kuacha. Leo nawaelezeni nilichokikuta.

JINA LA MKULIMA

Kwanza tuwajue wenyewe. Jethro Tull si jina la mwimbaji. Ni jina la mkulima wa Kiingereza aliyezaliwa mwaka 1674 na kufa mwaka 1741. Zamani zile wakulima wengi wa nchi ile walipanda kwa kurusha mbegu kwa mkono. Nyingine zililiwa na ndege, na nyingine ziliota zimesongamana hata palizi ikawa taabu. Bwana Tull akaunda mashine ya kukokotwa na farasi, iliyotia mbegu ardhini kwa kipimo na kwa mistari. Na jambo la kushangaza ni hili: yeye mwenyewe alieleza kwamba fikira ile aliipata katika kinanda kikubwa cha mabomba, cha namna ile ya makanisani, ambacho aliwahi kukifungua na kutazama vyombo vyake vya ndani.

Bendi ilipata jina hilo mjini London, mwaka 1968. Wakati ule ilikuwa changa, ikibadili jina mara kwa mara ili ipate kuitwa tena katika vilabu vya muziki. Mtu mmoja wa ofisi ya wakala wao, mpenda historia, akawapa jina la mkulima yule, nalo likashika.

Kiongozi wake ni Bwana Ian Anderson, aliyezaliwa Uskoti mwaka 1947. Hapo mwanzo alipiga gitaa. Lakini alipotambua kwamba hatamfikia Eric Clapton kwa ustadi, alilitoa gitaa lake akapata filimbi. Akajifunza mwenyewe, hata watu wakamjua kama yule mtu apigaye filimbi akisimama kwa mguu mmoja kama korongo. Mwenzake wa miaka mingi alikuwa Bwana Martin Barre, mpiga gitaa.

Sifa yao kubwa waliipata katika miaka ya 1970, kwa muziki uitwao roki ya progresivu, yaani roki yenye nyimbo ndefu na mapigo ya kugeukageuka. Santuri yao ya mwaka 1972, Thick as a Brick, ni wimbo mmoja tu uliojaza pande zote mbili. Mwaka 1978 walitoa Heavy Horses, ambamo wanawasikitikia farasi wakubwa wa kulimia waliofukuzwa na trekta. Wazazi wajue pia kwamba santuri iitwayo Aqualung, ya mwaka 1971, ina nyimbo zinazoishutumu dini na watu wa Kanisa. Hiyo isikilizwe na watu wazima wenye kujua wanachokiamini.

Sasa twende kwenye zile tano.

YA KWANZA NA YA PILI

Mwezi wa Novemba 1979 mpiga gitaa la besi wa bendi, John Glascock, alifariki kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa na miaka 28 tu. Baadaye Bwana Anderson akataka kutengeneza santuri yake peke yake, akaita wapigaji wapya, miongoni mwao Eddie Jobson, fundi wa fidla na vinanda vya umeme. Lakini kampuni ya santuri ikataka itoke kwa jina la bendi, nayo ikatoka hivyo mwaka 1980. Inaitwa A tu, kwa sababu makasha ya tepu yalikuwa yameandikwa herufi hiyo, yaani Anderson. Wapigaji watatu wa siku nyingi hawakuwamo tena.

Santuri hii ina ubaridi fulani, kama nyumba mpya ambayo haijapikiwa ndani. Lakini si ya kutupa. Umo wimbo Fylingdale Flyer, juu ya watu wakeshao mbele ya mitambo ya kuonya kama makombora yanakuja, na kengele ikalia bure. Mtu akifikiri kwamba vita vya dunia vingeweza kuanza kwa kosa la namna hiyo, hawezi kuusikiliza huku anasinzia.

Ya pili ni The Broadsword and the Beast, ya mwaka 1982. Hii naisifu bila kusita. Hapa vinanda vya umeme vya kijana Peter-John Vettese vimekaa vizuri pamoja na filimbi na gitaa, wala hakuna anayemsukuma mwenziwe. Wimbo Broadsword wampa mtu picha ya baba wa zamani aliyesimama pwani. Aona tanga la adui likija, naye hana budi kusimama kati ya adui na jamaa yake. Ngoma zake ni nzito na za polepole. Na wimbo Beastie ni juu ya hofu, yule mnyama ambaye kila mtu ambeba mgongoni na hapendi kumwonyesha mwenziwe. Mtoto wa miaka kumi ataelewa, na baba yake pia.

MASHINE ILIPOKALIA KITI

Ya tatu ni Under Wraps, ya mwaka 1984, nayo ndiyo iliyowapa watu sababu ya kusema mabaya. Katika santuri hii hakuna mpiga ngoma hata mmoja. Ngoma zote zapigwa na mashine, nyimbo zenyewe nyingi ni juu ya wapelelezi na mambo ya siri, na filimbi yasikika kwa mbali kama mgeni aliyekosa kiti.

Nimeisikiliza mara tatu, ili nisije nikaionea. Nyimbo nyingine zimetungwa kwa akili sana. Lakini kila mara nilichoka kabla ya mwisho, na nadhani najua sababu. Mpiga ngoma huvuta pumzi, hukawia kidogo, humngoja mwimbaji. Mashine haimngoji mtu. Wazee walitwambia: usiache mbachao kwa msala upitao.

Tena Bwana Anderson mwenyewe alilipa kwa koo lake. Nyimbo zile zilitaka sauti ya juu mno, na katika safari ya kuziimba mbele ya watu sauti yake iliharibika. Ikabidi apumzike. Miaka mitatu ilipita bila santuri mpya ya nyimbo zao. Katika muda huo aliendelea na kazi yake nyingine, maana alikuwa pia mfugaji wa samaki, aina ya salmoni, katika kisiwa cha Skye huko Uskoti. Sauti ya ujana haikumrudia tena kama zamani.

SHAMBA CHINI YA BARABARA

Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Mwaka 1987 ikatoka Crest of a Knave, na ndani yake twamsikia mtu aliyeijua hasara yake. Aimba chini, taratibu, karibu kama anayezungumza. Gitaa la Bwana Barre limerudi mahali pake, na filimbi pia. Wasomaji waangalie jambo moja: hata hapa mashine ya ngoma imetumika katika baadhi ya nyimbo. Kwa hiyo kosa halikuwa la mashine yenyewe. Kosa lilikuwa la kuiachia ikalie kiti cha mwenye nyumba.

Wimbo Steel Monkey wawasifu wajenzi wapandao juu ya vyuma vya majumba marefu. Mountain Men ni juu ya watu wa milimani huko Uskoti, ambao wana wao walikwenda kufa katika vita vya mbali. Budapest ni mrefu, wa dakika kumi, na muziki wake ni mzuri kuliko wote. Lakini wasimulia jinsi wanaume wa bendi walivyomtamani msichana mmoja, na hapo wazazi waamue wenyewe.

Wimbo ambao sitausahau ni Farm on the Freeway. Ni maneno ya mkulima wa Marekani ambaye shamba lake lilichukuliwa na kupitishwa barabara kuu. Alipewa fidia, tena nono. Anabaki na fedha na gari la kubebea mizigo, lakini mahali alipopaita kwetu pako chini ya lami. Filimbi yaingia katikati kama upepo juu ya mabua makavu.

Jioni ile tulikuwa na mzee mmoja, jirani yetu. Nilimfasiria maneno ya wimbo huo. Akauliza: "Walimlipa?" Nikasema: "Walimlipa, mzee, tena fedha nyingi." Akatikisa kichwa, akakaa kimya kitambo. Kisha akauliza: "Na makaburi ya wazee wake yalikuwa wapi?" Nikamwambia kwamba wimbo hausemi. Akasema: "Basi huyo aliyetunga angeuliza."

Wimbo unaomfanya mzee asiyejua Kiingereza aulize swali la namna hiyo, nani atasema haufai?

ZAWADI ILIYOLETA KEJELI

Santuri hii ilipata pia mkosi wa ajabu, nao ulikuwa mkosi wa kushinda. Mwezi wa Februari 1989, huko Los Angeles, tuzo ya Grammy ya roki ngumu na metali ilitolewa kwa mara ya kwanza. Watu walitazamia kwamba itakwenda kwa vijana wa bendi ya Metallica, kwa santuri yao ...And Justice for All. Lakini lilipotajwa jina, likawa Jethro Tull! Baadhi ya watu ukumbini wakazomea. Wenyewe hawakuwapo hata kupokea, maana hawakudhani kwamba wangeshinda.

Mwaka uliofuata tuzo hiyo iligawanywa, ya roki ngumu mbali na ya metali mbali. Na mwaka 1992 Metallica waliposhinda, mpiga ngoma wao, Lars Ulrich, aliwashukuru Jethro Tull kwa mzaha, akisema eti mwaka ule hawakutoa santuri. Watu wakacheka, na kicheko kile kimedumu. Wako wengi wanaoijua Crest of a Knave kwa habari ya zomeo tu, hali hawajasikia hata wimbo mmoja. Wapigaji hawakujipa tuzo wao. Walipewa na wapiga kura. Mbona basi nyimbo ziadhibiwe?

Ya tano, Rock Island, ilitoka mwaka huo huo wa 1989. Ni ndugu mdogo wa ile ya nne, na nguvu zake ni chache. Wimbo wa kwanza, Kissing Willie, ni wa utani mchafu, na Undressed to Kill nao si wa kupigwa sebuleni mbele ya watoto. Lakini usiifunge upesi. The Whaler's Dues ni ungamo la mvuvi wa nyangumi anayetafuta msamaha kwa damu aliyoimwaga baharini. Na Another Christmas Song ni juu ya baba mzee ambaye watoto wake wametawanyika duniani, naye awaita warudi nyumbani kwa Noeli. Familia ngapi zetu zina kiti kitupu siku ya Noeli? Wimbo huo usikilizwe na wote, na anayeujua Kiingereza awafasirie wengine.

HUKUMU YANGU

Kwa ufupi nasema hivi. Broadsword na Crest of a Knave zisikilizwe zote, mwanzo hata mwisho, isipokuwa ule mmoja nilioutaja ambao wazazi wataupima. Za A chagueni chache, na za Rock Island zile mbili nilizozitaja. Under Wraps sikilizeni mara moja, mjifunze.

Bendi hiyo haijafa. Mwaka 2025, Bwana Anderson akikaribia miaka 78, walitoa santuri nyingine mpya, ingawa Bwana Barre hayumo tena. Mtu aliyepoteza sauti yake mwaka 1984 angeweza kukaa kimya kabisa. Yeye alishusha sauti, akatafuta neno la kusema, akaendelea.

Nafikiri hata mkulima yule wa zamani angekubali. Mashine yake ilipanda mbegu vizuri kuliko mkono, lakini mbegu yenyewe ilitoka kwa mtu, na kama mbegu ilikuwa mbovu, mistari iliyonyoka haikusaidia kitu. Katika miaka ya 1980 Jethro Tull walipanda mbegu mbovu na mbegu njema, na mwenye subira ya kupepeta atapata chakula.

Kijana wetu amekwisha kuongeza nyimbo sita katika simu yake. Juzi nilimsikia akimwambia mwenziwe: "Usiseme hazifai. Umezisikiliza?"