Takriri Isiyo Takriri: Gitaa la Bluzi kwa Vidole

Aghalabu tunapochambua wimbo huandika maneno yake karatasini, tukahesabu mishororo na mizani, kisha tukadhani tumeunasa. Katika bluzi, muziki ulioasisiwa na Wamarekani weusi wa majimbo ya kusini, mtindo huo hutunyima nusu ya ubeti. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi gitaa la bluzi linavyopigwa kwa vidole, ili ibainike nusu hiyo iko wapi.

Ubeti wa kawaida wa bluzi una mishororo mitatu: wa kwanza hutoa kauli, wa pili huirudia, wa tatu huijibu. Kila mshororo huchukua vipimo vinne vya muziki vyenye mapigo manne manne, jumla vipimo 12. Mwimbaji hutumia takriban viwili tu katika kila vinne. Vilivyobaki ni zamu ya gitaa kuitikia.

Anayejifunza na aanze na kidole gumba, ambacho ndicho ngoma ya gitaa. Lightnin' Hopkins (1912–1982) wa Texas alizoea kuudunda uzi mmoja mnene pigo baada ya pigo. Kidole gumba cha Mississippi John Hurt, aliyerekodi nyimbo zake mwaka 1928 kisha akasahaulika hadi 1963, kilirukaruka baina ya nyuzi nene, huku kidole cha shahada na cha kati vikipiga kiimbo kwenye nyuzi nyembamba. Msomaji aliyemsikia Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili na kupigia gumba na shahada, hatakuwa mgeni hapa, ingawa Mwenda hakupiga bluzi.

Ugumu ni kwamba gumba hutaka kufuata kinywa. Kwa wiki kadhaa, kila nilipoanza kuimba changu kilisimama kama kwamba kimekemewa. Dawa niliyoipata ni kukariri utenzi huku nikidunda: mizani nane za kila kipande ziliangukia mapigo manne bila taabu.

Ama kuhusu uzuri wa sauti, gitaa la bei halimsaidii mwenye mkono mzito. Ukipiga karibu na daraja, sauti huwa kali na nyembamba. Ukisogea juu ya tundu, hunenepa. Ncha ya kidole hutoa sauti ya mviringo, kucha hutoa yenye makali. Ubavu wa kiganja ukiegemezwa kidogo penye daraja, nyuzi nene hudunda pasipo kuzimeza nyembamba. Mkono wa kushoto nao huusukuma uzi kidogo tu, sauti ikae katikati ya noti mbili ambazo kinanda hakiwezi kuziunganisha. Hapo ndipo kilio cha bluzi kilipo.

Turudi kwenye mshororo wa pili. Iwapo wimbo uko katika E, mshororo wa kwanza husimama juu ya kodi ya E. Wa pili, wenye maneno yale yale, kwa kawaida huanzia juu ya A, ndipo urejee E. Wa tatu huanzia B. Karatasi huonyesha takriri, ilhali sikio husikia mtu anayerudia neno lake akiwa amesimama mahali pengine. Siku hizi ninaponukuu wimbo huacha nafasi mbele ya kila mshororo, nikaandika humo gitaa limefanya nini.