Kava la grainda, jicho la dogo na elfu tatu kwa mwezi

Leo sina mbinu ya kuvuta wateja. Hii ni kwa mwenye kibanda cha kuchomelea, useremala, mashine ya kusaga, au kazi yoyote ambayo kijana wako anashika kitu kinachozunguka kwa kasi.

Nina karakana ndogo ya mageti na madirisha, vijana watatu. Mwaka jana tulipata oda ya haraka, mteja anapiga simu kila saa. Diski za grainda ndogo zikaisha. Dogo mmoja akaona ipo ya inchi saba. Hiyo haiingii kava likiwepo, basi akatoa kava, akaifunga, akaendelea kukata. Nilimwona. Nikanyamaza, maana nilitaka geti litoke.

Jamani, diski ina kasi yake, imeandikwa pale juu. Ya inchi nne na nusu huandikwa kama 13,300, yaani mizunguko kwa dakika. Grainda ndogo nyingi huzunguka kama 11,000, kwa hiyo hapo uko salama. Ya inchi saba huandikwa kama 8,500. Ukiifunga kwenye grainda ndogo unaizungusha kupita uwezo wake, na kinga yenyewe umeshaitupa pembeni. Ile ikapasuka. Kipande kilimpiga karibu na jicho. Miwani hakuvaa, kwa sababu sikuwahi kununua. Miwani ya elfu tano.

Jicho halikutoka, ila halioni kama zamani. Hospitali, nauli za mama yake kutoka kijijini, na miezi miwili ya kumlipa akiwa nyumbani: milioni moja na laki nane. Faida ya lile geti ilikuwa laki moja na ishirini.

Baada ya hapo akatokea mkaguzi wa OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Mimi nilidhani hao ni watu wa migodi na viwanda vikubwa. Kumbe Sheria Na. 5 ya mwaka 2003 inatugusa na sisi wa vibandani. (Hii ni ya Bara. Ndugu zetu wa Zanzibar mna yenu, Na. 8 ya 2005.) Mkaguzi anaruhusiwa kuingia bila miadi. Akikuta kasoro anakuandikia urekebishe ndani ya muda fulani. Akiona mtu anaweza kuumia hapo hapo, anazuia mashine isitumike mpaka itengenezwe. Mimi nilipata zote mbili. Grainda zisizo na kava zikasimama, na mashine ya kuchomelea yenye waya uliochubuka nayo ikasimama. Siku tatu bila kazi. Nilinuna kweli kweli.

Lakini yule mama alinifundisha kitu ambacho miaka tisa sikukijua. Vijana wangu wakichomelea mabomba yaliyopakwa zinki, jioni walikuwa wanatetemeka na homa, tunasema malaria. Ule ni moshi wa zinki. Na yale maziwa tunayowanywesha mafundi hayazuii chochote, maana moshi unaingia kwenye mapafu, maziwa yanakwenda tumboni. Kinachosaidia ni kukwangua zinki pale unapochomelea, kufanyia kazi nje penye upepo, na kinyago kinachofaa kwa moshi wa chuma. Kitambaa puani hakitoshi.

Sasa angalieni hapa. Kabla yake alishakuja jamaa mmoja anajiita mkaguzi, anataka elfu hamsini mkononi "tuyamalize". Nikampa, ujinga wangu. Mkaguzi wa kweli mwombe kitambulisho, atakuonyesha. Na malipo yoyote ya serikali yanakuja na kontroli namba, unalipia benki au kwenye simu. Anayetaka keshi mkononi, mwambie aandike kwanza. Wengi huishia hapo. Halafu kusajili sehemu yako ya kazi OSHA hakuna ada, usikubali kuuziwa fomu.

Kingine ni WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mwajiri anachangia asilimia 0.5 ya mishahara, na hiyo unalipa wewe, humkati kijana. Piga hesabu: vijana watatu wa laki mbili mbili ni laki sita, nusu asilimia yake ni elfu tatu kwa mwezi. Kijana akiumia kazini, mfuko unahusika na matibabu, na akipata ulemavu kuna fidia. Mimi nilikuwa sijajisajili, ndiyo maana ile milioni na ushee ilitoka kwenye mtaji wa vyuma. Mpaka leo nakopa pipe dukani.

Kava mbili, miwani minne, ngao mbili za kuchomelea na waya mpya havikufika hata laki moja na nusu. Diski nazo siku hizi nageuza nasoma kile kipete cha chuma katikati, maana zina tarehe ya kuisha kama dawa, na za mitaani nyingi zimepitwa.

Dogo amerudi. Kupima na kupaka rangi anaweza, mstari wa kuchomelea bado unampinda. Mteja akija na haraka zake, yeye ndiye anayemjibu: "Bosi, njoo kesho."