MAFUTA YAPITAPO MLANGONI: Kitale, Bungoma na Mapatano ya Mataifa

Mtu asimamaye kando ya barabara kuu pale Kanduyi, karibu na mji wa Bungoma, huona malori marefu ya mafuta yakielekea Malaba mchana na usiku. Huyatazama kama atazamavyo maji ya mto Nzoia: yametoka mbali, yanakwenda mbali, wala hayamhusu. Lakini jioni anunuapo mafuta ya taa, au alipapo nauli ya boda boda, au apelekapo mahindi kwenye kinu kiendeshwacho kwa dizeli, hukutana tena na mafuta yale yale, na hapo humhusu sana.

Watu wengi hudhani kwamba bei ya mafuta huamuliwa na mwenye kituo cha petroli. Kumbe mwenye kituo ni mtu wa mwisho katika safari ndefu. Bei ya juu kabisa ambayo aweza kutoza hutangazwa na Serikali kila mwezi, na ndani yake mmekwisha kutiwa gharama ya kununulia mafuta ng'ambo, kodi, na gharama ya kuyasafirisha kutoka pwani. Ndiyo sababu mtu wa Kitale hulipa zaidi ya mtu wa Mombasa. Tena, gharama ile ya ng'ambo hutegemea sana jinsi mataifa yanavyopatana au kugombana.

SAFARI YA MAFUTA

Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe, Mombasa, kilianza kazi mwaka 1963, nacho kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Tangu hapo petroli na dizeli huletwa zikiwa zimekwisha safishwa, nazo nyingi hutoka nchi za Ghuba ya Uajemi. Kutoka Mombasa husukumwa kwa bomba. Bomba hilo lilifika Nairobi mwaka 1978, kisha mwaka 1994 likafikishwa Eldoret na Kisumu. Eldoret malori hupakia. Mengine hupanda kwenda Kitale, na mengine hupita Webuye na Kanduyi kwenda Malaba, na kutoka huko huingia Uganda.

Uganda haina bahari. Sehemu kubwa kabisa ya mafuta yake hupita Kenya. Basi nchi moja ina mlango na nyingine yapita mlangoni. Hali hiyo huleta faida kwa wote wawili wakiwa na amani, na huleta mashaka wasipopatana.

MLANGO ULIPOFUNGWA

Wazee wa Bungoma hawajasahau mwaka 1976. Mwezi wa Februari mwaka huo Idi Amin alisema kwamba nchi ya magharibi ya Kenya ilikuwa mali ya Uganda zamani. Ni kweli kwamba kabla ya mwaka 1902 sehemu hizo zilihesabiwa katika Uganda, lakini maneno yale yaliwakasirisha sana Wakenya. Mwezi wa Julai askari wa Israeli walishambulia uwanja wa ndege wa Entebbe ili kuwaokoa mateka, na ndege zao zikatua Nairobi kutia mafuta. Amin aliwaka hasira, na Wakenya waliokaa Uganda wakapatwa na mateso.

Kenya haikupeleka jeshi vitani. Ilidai kwamba bidhaa zipitazo kwenda Uganda zilipiwe kwa fedha za Kenya, na mafuta yakazuiliwa. Kwa muda mfupi Uganda ikapungukiwa na petroli kiasi cha kutatiza kazi zake nyingi. Mwezi wa Agosti nchi hizo mbili zikatia sahihi mapatano. Dunia ikaona kwamba mwenye silaha nyingi hana nguvu ikiwa magari yake hayana mafuta.

Jambo la namna hiyo lilitokea tena mapema mwaka 2008, ingawa safari hii hapakuwa na aliyekusudia. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, ghasia ziliziba barabara na reli, na mafuta yakaadimika Uganda. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Tangu hapo Waganda wengi waliona hatari ya kutegemea mlango mmoja tu.

UGOMVI WA MWAKA 2023

Mwezi wa Aprili 2023, Kenya ilipokuwa na uhaba wa dola za Kimarekani, Serikali ilianza mpango wa kununua mafuta kwa mkopo wa siku 180 kutoka makampuni matatu ya Ghuba: Saudi Aramco, ADNOC na ENOC. Mpango huo uliisaidia Kenya kuahirisha malipo. Lakini Uganda, iliyokuwa ikinunua kupitia makampuni yaliyoko Kenya, ililalamika kwamba watu wa katikati walikuwa wakiizidishia bei. Mwaka huo huo ikatunga sheria ya kuipa kampuni yake ya taifa, UNOC, haki ya kuagiza mafuta peke yake, kwa kushirikiana na kampuni ya Vitol.

UNOC ilipokosa kibali cha Kenya, Uganda ilipeleka kesi katika Mahakama ya Afrika Mashariki mjini Arusha. Lakini haikuwa hukumu iliyomaliza ugomvi. Wakubwa wa nchi hizo walikaa wakazungumza, wakapatana mwaka 2024, na kuanzia Julai UNOC ikaanza kuleta shehena zake kwa njia ile ile ya Mombasa. Malori yakaendelea kupita Kanduyi kama kwamba hapakuwa na neno. Lakini kama wasingepatana, mizigo hiyo ingeweza kutafuta njia nyingine. Dereva, fundi wa magurudumu, mama auzaye chakula na mwenye nyumba ya wageni huko Malaba wangeona hasara kabla ya waziri yeyote.

MAFUTA YALIYOPITA KITALE

Kitale nako kulikuwa na matumaini yake. Mwaka 2012 kampuni ya Tullow ilitangaza kwamba imegundua mafuta Turkana, katika kisima kilichoitwa Ngamia 1. Kwa kuwa Kitale ndio mlango wa kwendea Lodwar na Lokichar, wenye maduka na magari walitazamia biashara kubwa. Mwezi wa Juni 2018 malori ya kwanza yalianza kuteremsha mafuta ghafi kutoka Turkana, kupitia Kitale na Eldoret, hadi Mombasa. Mwezi wa Agosti 2019 meli iliondoka na mafuta hayo kwenda kuuzwa ng'ambo. Mwishoni mwa mwaka huo mvua kubwa ziliharibu barabara katika West Pokot, na usafirishaji ukasimama.

Lakini pigo kubwa zaidi lilikuwa limekwisha kuja kabla ya hapo, tena lilitoka mezani, si mawinguni. Mwaka 2015 Kenya na Uganda zilikubaliana kujenga bomba moja kutoka Hoima kupitia Lokichar mpaka Lamu. Mwezi wa Aprili 2016 Uganda ilibadili nia, ikachagua kupitisha mafuta yake Tanzania mpaka Chongoleani karibu na Tanga, mwendo wa kilomita 1,443. Hofu ya usalama upande wa Lamu, gharama ya ardhi, na upendeleo wa kampuni ya Total ya Ufaransa vilichangia. Turkana ikabaki bila mwenzi wa kugawana naye gharama ya bomba, na mwaka 2025 Tullow ikauza mali yake ya Kenya kwa kampuni ya Gulf Energy. Hivyo ndivyo njia ya mafuta inavyofuata mapatano kuliko ifuatavyo ramani.

MBOLEA NAYO NI NISHATI

Mkulima wa Trans Nzoia aweza kusema, “Mimi sina lori wala kisima.” Lakini analo shamba. Mbolea ya kukuzia, kama yurea, hutengenezwa kwa gesi itokayo ardhini, na Urusi ni mojawapo ya nchi ziuzazo gesi na mbolea kwa wingi. Urusi ilipoivamia Ukraine mwezi wa Februari 2022, bei za gesi, mafuta na mbolea zilipanda duniani kote. Kitale, mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia ulipita shilingi 6,000, na wengi walipanda kwa mbolea haba. Serikali ilitoa ruzuku, bei ikawa shilingi 3,500 mwezi wa Septemba 2022, na shilingi 2,500 mwaka uliofuata. Hata hivyo ruzuku hulipwa kwa kodi, na kodi hutoka kwa wananchi wenyewe.

LIFAALO KUFANYWA

Mkulima hawezi kuzuia vita vya Ulaya wala kuamuru meli za Ghuba. Lakini aweza kujitayarisha. Samadi na mboji hazingoji meli. Wanachama wa chama cha ushirika wakiagiza mbolea pamoja na mapema, huweza kupata bei iliyo nafuu kuliko mtu mmoja anunuaye msimu wa kupanda ukiwa umefika. Kukodi trekta kwa shirika hupunguza safari na dizeli. Akiba haiozi.

Tena yafaa kila msomaji asikiapo habari za mapatano baina ya Nairobi na Kampala, au za ugomvi katika Ghuba, asizipite upesi ili kutafuta bei ya mahindi. Huenda bei ya mahindi imo ndani yake.